Hicho kituo cha dini zote kiwe na jiko

Mhariri,

Habari za kazi. Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za marehemu mume wangu alipokuwa anarudi nalo kila Jumapili, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya viongozi wa dini kuunga mkono kijengwe kituo cha pamoja cha dini zote kwa ajili ya maelewano na amani imenikwama kooni wiki nzima. Sio kwamba napinga, naunga mkono kwa moyo wangu wote. Kilichonikera ni kwamba nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali paliposemwa hicho kituo kitakuwa na kazi gani siku ambayo hakuna mkutano, sijapaona. Nimeona ukumbi, nimeona maktaba, nimeona ofisi za makatibu, nimeona na picha ya masheikh na maaskofu wameshikana mikono. Basi.

Na mmetoa mfano wa ile Nyumba ya Familia ya Ibrahimu kule Abu Dhabi. Mimi naijua, mwanangu wa pili anafanya kazi huko na ilipofunguliwa 2023 alikwenda siku yake ya ofu akanipigia video ya WhatsApp akanizungusha humo mimi nimekaa zangu barazani nachambua mchele. Msikiti, kanisa na sinagogi, majengo matatu ya mraba, yote urefu mita 30 hakuna linalomzidi mwenzake, msikiti umeelekea Makka, kanisa limeelekea mashariki, sinagogi limeelekea Jerusalem, na bustani katikati. Pazuri, siwezi kusema uongo. Na aliyechora ramani yake, David Adjaye, kazaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1966, baba yake alikuwa mwanadiplomasia wa Ghana, hilo hamkuliandika na mngeliandika watu wangefurahi. Lakini kule walianza wakubwa, Papa Francis na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar Ahmed al-Tayeb walisaini tamko lao Februari 2019 ndo jengo likafuata, na ilibidi iwe hivyo maana ule ni mji wa watu waliotoka kila kona ya dunia kutafuta riziki, leo yupo kesho mkataba umeisha. Nilimuuliza mwanangu, sasa hapo msiba ukitokea wanapikia wapi, akaniambia mama huku msiba kila mtu na kwao.

Sisi huku tunazikana. Hapa mtaani kwangu Mbagala hakuna nyumba isiyo na ndugu wa upande wa pili, mimi mwenyewe baba yangu mdogo alibatizwa na siku tunamzika kanzu na makoti vilijaa kaburini vimechanganyika. Sensa ya mwisho kumuuliza mtu dini yake ilikuwa ya 1967, na mtaani hatukuwahi kuona pengo lake, maana anayekuja na kuni na anayekuja na ndoo ya maji wote unawajua kwa majina ya watoto wao. Sasa ukitaka kuniletea mimi maelewano uanze na hapo tulipo, sio uanze kunifundisha kumsalimia jirani niliyekaa naye miaka 26.

Huyo jirani ni Mama Neema, Mungu ampumzishe. Alikuwa mkunga. Mwaka 2012 mwezi wa kumi, wale watoto wawili walipobishana kuhusu Msahafu ikaishia makanisa kuchomwa hapa Mbagala, yeye alikuwa kazini na mimi ndo niliyewaingiza wanawe ndani nikafunga mlango nikasahau hata maharage jikoni, yakaungua, moshi wa maharage na moshi wa mabomu ya machozi mpaka leo nikivisikia pamoja nasikia kizunguzungu. Aliporudi usiku hatukuongea dini, alikaa mkekani kwangu akavua viatu akasema nipe maji. Hiyo ndo semina ya amani niliyowahi kuhudhuria mimi.

Sasa mwaka jana Mama Neema kafariki. Kila akifanya shughuli kwake, iwe ubatizo iwe harusi, lazima amwite mzee wetu wa hapa nyuma aje amchinjie mbuzi ili tule wote, hajawahi hata mara moja kuturudisha na soda tu, na mnakumbuka wenyewe hilo la kuchinja lilileta nini, Februari 2013 kule Buseresere Geita mchungaji aliuawa kwa ugomvi wa nani achinje, na yeye siku ile aliposikia redioni alilia. Kwahiyo msiba wake nikasema chakula ni juu yangu. Nikaenda msikitini, msikiti wangu ninaoswali, ambao nimeutolea mifuko ya simenti, kuazima masufuria. Yapo sita yale makubwa ya shughuli, yamepangwa moja ndani ya jingine chini ya ngazi na jamvi juu yake, la juu limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la mama aliyelitoa, namjua, wajukuu zake wawili wamepokelewa na mikono ya Mama Neema. Nikaambiwa na mtu wa kamati, tena kwa upole, mama vyombo hivi ni wakfu, haviwezi kutoka kwenda kupikia msiba wa upande ule. Nikasema nitapika mimi. Akasema wataleta kitimoto. Nikasema baba, mwenye msiba miaka yote anachinjisha kwetu, leo kalala kwenye jeneza ndo akaletewe kitimoto? Akasema subiri kamati ikae Alhamisi. Maiti yuko ndani tunazika kesho saa nane mchana, mimi nisubiri Alhamisi! Nilirudi njia nzima nalia na sio kwa ajili ya marehemu. Tukakodi masufuria ya mtu, chini membamba kama karatasi, wali ukashika ukaungua, na watu waliotoka Moshi usiku kucha kuja kumzika mtu wao wakala wali wenye harufu ya moshi mikononi mwangu. Na kumbe bado. Jioni ile tunaosha vyombo Neema akaniambia shangazi usijali, hata mama alikatazwa. Alikatazwa nini? Ndo nikaambiwa kwamba kwenye arobaini ya mume wangu mama yake alikwenda kanisani kwake kuniombea viti, mzee wa kanisa akamwambia viti vya ibada haviwezi kwenda kwenye hitma, na yeye hakuniambia neno, akaenda kukodi viti 100 kwa hela yake shilingi 500 kimoja, akaniambia vimetoka kanisani. Miaka minne nimewashukuru watu wa kanisa lile kila nikikutana nao njiani, nao wananiitikia.

Mhariri, hao wote wawili hawakuwa na ubaya na mimi. Mmoja ananisalimia kila siku. Walifuata walichoambiwa na waliowaweka pale, na waliowaweka pale ndo hawa hawa mabosi wa picha yenu. Sasa wakishikana mikono huko hotelini bila kushuka chini kuwaambia wenye funguo za stoo kwamba mruhusuni jirani aazime sufuria, huo mkono umefika wapi?

Na nikiwa hapo hapo niseme na la spika za mahubiri, maana nalo linanikera na hamliandiki. Kiwanja cha karibu na kwangu wiki hii mkutano wa injili wiki ijayo mhadhara, na nusu ya mahubiri ni kumsema mwenzake, huyu kashika Biblia anawasomea watu aya za kuwaaibisha Wakristo, yule naye anamjibu kwa kumtaja Mtume kwa maneno siwezi kuyaandika, mpaka saa tano usiku, na zahanati iko hatua chache kutoka hapo, kuna wazazi wana uchungu mle ndani. Mama Neema alikuwa anafunga madirisha kwa matambara. Wahubiri hao wana masheikh wao na wachungaji wao wanaowajua kwa majina, wawaite, wakae nao, wawaambie basi. Hiyo haihitaji tofali hata moja. Unaweza kumtangazia mtu dini yako masaa mawili bila kuigusa ya mwenzako, walimu wetu wa madrasa zamani walikuwa wanafanya hivyo na tuliwaelewa vizuri tu.

Ninachoomba ni hiki na naomba mkiandike kama kilivyo. Hicho kituo mkikijenga, kabla ya ukumbi kijengwe jiko na stoo. Kwenye stoo kuwe na viti vya plastiki 300, maturubai manne, majamvi 20, masufuria kumi yale mazito ya kilo 20 za mchele, miko mirefu, sinia, madumu ya maji, na machepeo na majembe ya kuchimbia kaburi maana nayo kila msiba yanatafutwa kama dhahabu. Mlango uwe na kufuli mbili, funguo moja akae nayo mama wa Kiislamu na ya pili mama wa Kikristo, wanawake nimesema, kwa sababu kwenye ile picha yenu nimehesabu wanaume tupu na wanaojua sufuria ngapi zinatosha msiba wa watu 200 ni sisi. Kuwe na kaunta buku moja, anayechukua anaandika jina na mtaa, sio dini. Masharti ya vyombo yawe wazi ukutani ili mtu wa kamati asipate sababu: kitimoto na pombe haviingii kwenye masufuria haya, nyama inachinjwa na Mwislamu ili wote tule, na wenzetu Wakristo hapa mtaani hawajawahi kulikataa hilo. Na kisianzie mjini kule kwenye viyoyozi. Kianzie Mbagala, pale yalipochomwa makanisa, stoo moja tu ya matofali na bati, tuone.

Sufuria la kwanza natoa mimi. Nililinunua baada ya ule msiba, zito, la kilo 20, na lina mfuniko wake. Lipo uani kwangu limeinamishwa juu ya mawe, na Neema ameshasema kanisani kwao atapata viti 10 vya kuanzia, vya kwake mwenyewe sio vya ibada. Wakishakubaliana hao viongozi wamtume mtu aje na mkokoteni.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam