Mdomo wa pampu: barua kwa Baba Rehema

Dar es Salaam,
12 Mei

Mpendwa Baba Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo. Habari ya vitoto vya gapi, wale samaki wadogo wa tangi lako la nyumbani, kupotelea kwenye pampu imenikumbusha aibu yangu mwenyewe, kwani mwaka jana nilifungua kichujio nikakuta vitoto kumi na kitu vimenasa ndani, viwili bado vikitapatapa.

Kosa nililolifanya ndilo unalokusudia kulifanya wewe. Niliufunika mdomo wa pampu, yaani pale inaponyonyea maji, kwa kipande cha stokingi ya Mama Zuhura, nikakikaza kwa mpira, nikalala nikijiona fundi. Asubuhi kitambaa kilikuwa kimegandwa na ute na mabaki ya chakula, maji yanadondoka tone kwa tone, na pampu inakoroma. Pampu za namna hii hupozwa na maji yale yale zinayoyasukuma, hivyo kuziziba ni kuziua polepole.

Nilikuja kuelewa kwamba tatizo haliko katika ukubwa wa tundu moja moja, bali katika mwendo wa maji yanapoingia, nao hupungua kadiri jumla ya eneo la kuingilia inavyoongezeka. Pampu yangu husukuma lita 600 kwa saa. Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 16, ambalo mdomo wake ni sentimita 2 za mraba tu, maji hayo hukimbia takriban sentimita 83 kwa sekunde. Kitoto cha siku moja, kisichofika hata sentimita moja, kitashindana nayo wapi?

Basi nilinunua kipande cha futi moja cha bomba la PVC la nusu inchi, la kuvishwa kwenye mdomo wa pampu, nikaziba ncha ya chini kwa kifuniko chake pasipo gundi, ili kiweze kufunguliwa wakati wa kusafisha, kisha nikatoboa kwa keekee ya milimita 5 mistari minne ya matundu kumi kumi, nikiyapishanisha ili bomba lisidhoofike. Matundu hayo 40 hufanya karibu sentimita 8 za mraba, na mwendo hushuka hadi robo. Usiuonee uvivu msasa: kila tundu huacha nywele za plastiki ndani na nje, nazo zikibanduka huishia kwenye panga la pampu, kile kipande kinachozunguka ndani na kusukuma maji.

Juu yake nilivisha sponji ya kuchujia yenye vitundu vinavyoonekana kwa macho, kipenyo sentimita 5 na urefu sentimita 10, ambayo niliitoboa katikati kwa kipande kingine cha bomba nilichokinoa ncha na kukizungusha taratibu. Sasa maji huingia kupitia uso wa zaidi ya sentimita 150 za mraba, kwa mwendo wa takriban sentimita moja tu kwa sekunde, na vitoto hukaa juu ya sponji hiyo vikidonoa kama vifaranga uani. Jambo moja ningelirekebisha: sponji yangu huchafuka kwanza upande wa juu, kwa kuwa matundu yaliyo karibu na pampu hunyonya zaidi. Wewe yaache ya juu yawe machache na ya chini yawe mengi.

Sponji za kuoshea vyombo ziache jikoni, maana baadhi hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Wala usifunge chochote kwa waya wa shaba, kwani tangini mwako una kamba wale wa majini na konokono, na shaba ni sumu kwao. Kila wiki zima pampu, ingiza bakuli chini ya sponji kabla ya kuichomoa, la sivyo uchafu wote utarudi tangini, kisha uikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yana klorini, nayo huua bakteria wazuri wanaoigeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki wako.

Nipimie kipenyo cha nje cha mdomo wa pampu yako, kwa milimita tafadhali, si kwa vidole kama ulivyofanya safari ile ya koki. Nikikipata nitakukatia bomba na kulituma kwa basi la Tanga pamoja na sponji mbili, moja ya kutumia na moja ya kubadilisha.

Wasalaam,
sahibu yako,
Baba Zuhura