Fundi wenu alifuta hifadhidata yangu nikiwa nimesimama mbele yake

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Yah: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA YANGU NA MKATABA WA MATENGENEZO

Salamu. Natumaini hujambo, na natumaini barua hii itasomwa na mtu anayejua kompyuta, maana zile nilizotangulia kuandika zilijibiwa na mtu aliyeniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Namba ya mkataba wangu mnayo, masharti yenu mnayajua kuliko mimi, siyarudii. Nakumbusha jambo moja tu: kompyuta hiyo niliileta ibadilishwe tundu la chaji. Tundu la chaji. Hakuna mahali kwenye fomu yenu ya mapokezi nilipoomba Ubuntu yangu, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, ipandishwe kutoka toleo la 22.04 kwenda 24.04. Toleo la 22.04 lilitoka Aprili 2022 na masasisho yake ya kawaida yanaendelea hadi 2027, sasa haraka hiyo ilikuwa ya nani? Nilipouliza, nikaambiwa ni "zawadi kwa wateja wetu wa mkataba". Ahsanteni kwa zawadi.

Zawadi hiyo ndiyo iliyovuruga kazi yangu yote. Mazingira ya Python, lugha ninayoandikia programu, niliyokuwa nimeyajenga juu ya toleo la 3.10 yalikataa kuwaka, kwa sababu 24.04 inakuja na 3.12 na vifurushi vyangu vyote vya programu vilibaki kwenye folda la 3.10 ambalo hakuna tena anayelitazama. Kwa hilo peke yake nisingechukua kalamu. Unaijenga upya venv, yaani mazingira ya Python yaliyotengwa na mfumo, unasakinisha vifurushi, unakunywa chai, yamekwisha. Lakini mtu wenu wa simu alinielekeza nisakinishe kila kitu kwa sudo pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, moja kwa moja kwenye mfumo, na pip ilipogoma akaniambia niongeze --break-system-packages, yaani nilazimishe. Ujumbe ule wa kugoma unaeleza wenyewe, mstari kwa mstari, kwamba tengeneza venv. Nilimsomea kwenye simu. Akasema niachane na maandishi mengi. Sikumsikiliza, na nashukuru Mungu.

Kilichonitoa Busia hadi Kampala ni PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata yangu. Kwenye 22.04 ilikuwa toleo la 14; 24.04 inakuja na 16. Mfumo ukishapandishwa, data haihami yenyewe: 14 inabaki na kila kitu chako, na 16 inakaa kando ikiwa tupu, mpaka mtu aje aihamishe kwa mkono. Niliandika pg_lsclusters, amri ya kuziorodhesha, nikaziona zote mbili, 14 kwenye poti ya 5432 na 16 kwenye 5433. Data ilikuwepo, nzima. Kuihamisha ni amri mbili. Ningezifanya mwenyewe nikiwa nyumbani, ila dhamana yenu inakufa mteja akigusa mfumo mliousakinisha nyinyi, na hilo mlinikumbusha kwa ujumbe wa herufi kubwa tupu. Basi nikatii. Nikapanda taksi, karibu kilomita 200, na foleni ya Mukono juu yake.

Pale kaunta nilimwambia fundi wenu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili asije akasingizia lugha: "Data yangu iko kwenye 14. Usiifute." Akaandika sudo apt purge postgresql-14, amri ya kuiondoa 14 kabisa. Kikatokea kisanduku kinachouliza kama folda za data nazo ziondolewe. Nikasema, "Hapana, chagua No." Akachagua Yes. Kisha akanigeukia: "Mama, tulia. Hiyo ilikuwa ya zamani. Sasa una mpya."

Wenzake wakacheka.

Ndugu Meneja, labda huko ofisini hamjui kilichokuwa ndani. Ninaandika programu ya kusajili mizani ya mahindi kwa wafanyabiashara wa mpakani. Ni ya Kiswahili, kwa kuwa sokoni Busia ndiyo lugha inayowaunganisha wa upande huu na wa upande ule. Makarani wawili walikuwa wameketi wakiingiza rekodi za majaribio kwa mkono, gunia kwa gunia, kutoka kwenye madaftari yaliyolowa jasho na kuchafuka kwa unga. Niliwalipa mimi. Msimbo wa programu yangu uko salama, ninauhifadhi kwingine, huo hamkuweza kuufikia. Zilizokwenda ni rekodi.

Na tafadhali msinirudishie ule ujumbe wenu wa WhatsApp kwamba "mteja ndiye anayewajibika kutunza nakala". Nakala ninayo, ya mwisho wa mwezi uliotangulia. Kilichopotea ni cha baada ya hapo. Isitoshe, utaratibu wenu wenyewe unamtaka fundi achukue nakala kabla ya kugusa mfumo, na kwenye fomu yangu kisanduku hicho kimewekwa alama ya vema. Nani aliweka alama hiyo? Nakala iko wapi? Mara mbili nimeuliza, na mara mbili nimejibiwa kwa kikaragosi cha mikono iliyokunjwa pamoja.

Nirudi kaunta, kwa sababu naona nimelieleza jambo lile kwa upole mno.

Zile amri mbili nilikwenda nazo zimeandikwa. Nilizinakili vizuri kwenye karatasi nikiwa bado Busia: ya kwanza, pg_dropcluster --stop 16 main, kuondoa ile 16 tupu; ya pili, pg_upgradecluster 14 main, kuhamisha data. Nilimpa mkononi. Fundi wenu alikuwa anakula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Aliipokea karatasi bila kuitazama, akailaza mezani, akaweka rolex yake juu yake. Mafuta yakaloanisha amri ya pili hadi wino ukaanza kusambaa. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo njia, soma hapo." Akasema anajua kazi yake. Mkono mmoja ulikuwa umeshika simu. Kile kisanduku cha kijivu kilipotokea, nilinyoosha kidole hadi karibu niiguse skrini, nikasema hapana, hapana, No, No, na mteja aliyekuwa nyuma yangu na printa yake alinisikia, maana aliinua kichwa. Yes ikachaguliwa. Mistari ikapita, ikaisha. Ndipo nikaambiwa nitulie.

Nilimwomba aizime kompyuta pale pale, kwa kuwa kila kinachoandikwa kwenye diski baada ya kufuta kinapunguza uwezekano wa kuokoa kilichofutwa. Badala ya kuzima, akaendelea kusakinisha vitu, sijui alikuwa anatafuta nini. Mwishowe akafungua 16, ile tupu, akaniandikia jedwali moja la mfano lenye jina "test", akasema, "Si hii hapa inafanya kazi?" Halafu akanipa risiti nilipe ada ya uchunguzi, shilingi 80,000. Nililipa, kwa sababu kompyuta ilikuwa upande wao wa kaunta na mimi upande wangu.

Ile siku ya kwanza nilipoileta kwa ajili ya tundu, binti wa mapokezi aliandika kwenye fomu "OS: Windows". Nilimsahihisha. Akafuta, akaandika "OS: nyingine". Nilipaswa kuondoka saa ile ile, lakini nani huondoka na kompyuta isiyochajika? Tundu lenyewe, niseme ukweli, mlilibadilisha vizuri.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba jambo moja: nirudishiwe ile 80,000 ya uchunguzi, kwa kuwa sioni kilichochunguzwa. Sasa nikiwa nimeyaandika yote na kuyasoma, naona hiyo haitoshi. Ninataka pia ada yote ya mkataba wa mwaka huu, shilingi 600,000, maana mkataba wa matengenezo unaoharibu si matengenezo. Ninataka ujira wa makarani wangu wa kuingiza upya rekodi zilizofutwa. Hesabu yake na daftari la malipo nimeviambatanisha. Ninataka barua ya kuomba radhi, isainiwe na wewe mwenyewe, si na "Timu ya Huduma". Na barua hiyo isomwe kwa sauti pale kaunta mbele ya wale waliocheka. Fundi sitaki afukuzwe kazi. Ninataka asiguse kompyuta ya mteja mwingine yeyote mpaka afundishwe tofauti ya remove na purge, kwa sababu remove ingeniachia data yangu ilipo.

Muda ni siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Si tangu itakapofika mezani, wala tangu meneja atakaporudi safari.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 mnaijua, au wakili wenu anaijua. Mnajua pia kwamba Uganda ina utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na kwamba huko mtu hujisimamia mwenyewe bila wakili. Mimi nasema vizuri tu nikisimama. Yule mteja wa printa ameshanipa namba yake na amekubali kuja kueleza alichokisikia. Karatasi yenye alama ya mafuta ya rolex ninayo, nimeitia kwenye bahasha. Historia ya amri zilizoandikwa siku ile bado iko kwenye kompyuta, kwa kuwa fundi wenu hakujua kwamba terminali inakumbuka, na nimeitoa nakala zaidi ya moja.

Siku ya 15 ikifika bila pesa, madai yangu hayatabaki haya. Nitaongeza nauli, nitaongeza kazi niliyoshindwa kuikabidhi kwa wakati, na vyama vya wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Tororo vinavyonunua kompyuta kwa jumla kwenu vitapokea nakala ya barua hii pamoja na picha ya karatasi.

Jibu nilipate kwa barua pepe, lenye jina na cheo cha mwandishi. Simu sitapokea, na WhatsApp nimewazuia tangu jana.

Wako katika biashara, kwa sasa,

Mteja wenu wa mkataba,
Busia.

Viambatanisho: risiti ya ada ya uchunguzi, nakala ya fomu ya mapokezi, daftari la malipo ya makarani, historia ya amri.