Nilibadilisha sarafu ya peni ishirini kwenye droo ya ami, sasa hanisemeshi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Mombasa, nauza dukani kwa ami yangu hapa Leicester, Uingereza. Jumamosi moja usiku nikihesabu chenji, sarafu moja ya peni ishirini ilinishtua. Nikaigeuza huku na huku: huku malkia, huku kipande cha ngao, mwaka haupo popote.

Kisa chake nilikuwa nakijua. Zamani mwaka ulichapwa upande wa waridi lenye taji. Picha zilipobadilishwa 2008, ngao ikachukua nafasi ya waridi, na mwaka ukahamia upande wa malkia. Sasa kule kwenye kiwanda cha sarafu cha Llantrisant, Wales, chuma kipya cha kuchapia ngao kikafungwa pamoja na kile cha zamani cha malkia, kisicho na mwaka. Ndipo zikatoka sarafu zisizo na mwaka, jambo ambalo Uingereza haikuliona kwa zaidi ya miaka 300.

Nikatoa peni ishirini yangu mfukoni nikaitia kwenye droo, ile nikaichukua. Hesabu ikafunga, hata peni haikupungua. Mdomo ndio ulioniponza: nilimwonyesha binamu yangu, naye akamfikishia baba yake kabla chai haijapoa.

Ami anaidai. Anasema mteja alililipa duka, hakunilipa mimi. Tena kaona mtandaoni watu wanaoitangaza kwa maelfu ya pauni, basi anaamini nimekalia ghorofa ya Nyali! Nimemweleza kwamba kutaja bei si kuuza, kwamba makadirio ya sarafu hizo yanafika 250,000, na kwamba zilipogundulika 2009 kampuni moja ya London ilitangaza kuzinunua kwa pauni 50. Anadhani nampunguzia bei ili niile peke yangu. Ijumaa msikitini alinipa mkono huku akitazama viatu.

Na huyu ndiye aliyenikatia tiketi ya kuja huku, Shangazi. Nikimpa, atasema nimekiri wizi. Nikiiuza tugawane, pauni 25 zake atazihesabu kama dhuluma. Nikikaa nayo, mama kule nyumbani ataletewa mashtaka kwa simu.

Je, kubadilisha sarafu kwa sarafu ya thamani ile ile ni wizi? Na nikiamua kumrudishia, nianzeje mazungumzo? Kwa sasa iko ndani ya soksi, chini ya sanduku, na kila nikirudi kazini naenda kuitazama kwanza.

Mpwa wako, Leicester