Upande wa kushoto

South C, Nairobi

Shoga yangu Zainabu,

Assalam aleykum. Simu zako nimeziona zote na sikuzipokea, na kwa vile wewe si mtu wa kununa nimeona nikuandikie barua nzima kuliko kukutumia sauti za kukatikakatika. Nimefanyiwa ule upasuaji wa kulinganisha matiti, nimerudi nyumbani, nala, nalala, na jana nilikuwa nishaanza kufua leso zangu kwa mkono kabla Salim hajaninyang'anya beseni. Basi moyo wako utulie. Halafu nisikilize polepole, maana najua hunipigii kwa ajili yangu peke yangu. Wapiga pia kwa ajili ya Nasra wa dadako, ambaye naye matiti yake hayalingani.

Naanza na maumivu, kwa kuwa ndiyo uliyoyaogopa. Sikuhisi kukatwa, nilihisi kubanwa. Kipandikizi cha kushoto, kile kifuko cha kujazia titi, wamekitia chini ya msuli wa kifua, na msuli huo haupendi mgeni. Ukikohoa wajua. Ukicheka wajua zaidi, na Salim akiwa na wasiwasi ndipo anapozidi kuchekesha, mpaka ikabidi nimfukuze chumbani. Upande wa kulia hawakutia kitu, wameuinua tu kidogo ili uukaribie mwenziwe, na huo ulinisumbua kwa kuwasha kuliko kwa kuuma.

Mikono haitakiwi kupita mabega kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo nilipojua maisha yetu sisi wanawake wa pwani yote yako juu ya kichwa: deera lavaliwa kwa kichwani, mtandio, nywele za kusukwa, sufuria kubwa iliyo kabati la juu. Madeera yangu yalining'inia pale mwezi mzima. Nikawa navaa mashati ya Salim yenye vifungo mbele, chini leso, na ndani sidiria ya kubana ambayo haivuliwi usiku wala mchana ila wakati wa kuoga. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.

Sala nimesali kitini. Mikono kwenye takbira niliinua mpaka pale ilipokubali. Kusujudu ilikuwa muhali, maana ukiinama tu kifua chote chaja mbele na kidonda chaanza kupwita. Kulala ni chali, mgongo umeegemezwa mito, na wewe wakumbuka bwenini nilivyokuwa nalala kifudifudi mpaka shuka linaniachia mistari usoni. Hilo la kulala lilinichosha kuliko kidonda chenyewe.

Na kuna jambo hawalisemi kwa sauti. Dawa za maumivu zenye kodeini zafunga choo, na kujikamua ukiwa na kifua cha namna ile ni adhabu. Yeyote atakayekuuliza, mwambie anunue mapapai kabla hajaingia hospitali, asingoje kutoka.

Sasa sikia la kioo. Siku nilipofunguliwa bendeji nilijitazama nikalia kilio cha mtoto. Unajua miaka yote kushoto ndiko kulikokuwa kudogo na kwa chini kumebanana. Sasa kushoto kuko juu, kugumu kama dafu, na kulia ndiko kunakoonekana kumechoka. Nikamwambia daktari, umeniondolea kasoro huku ukaipeleka kule. Hakukasirika. Akaniambia msuli ukilegea kipandikizi kitashuka mahali pake, uvimbe utakwisha, nisimhukumu kabla ya miezi mitatu, na umbo la mwisho hasa niliangalie baada ya miezi sita. Kweli, kila wiki naona limelainika kidogo na limeteremka kidogo. Yamelingana? La, hayajalingana sawasawa, na hata yeye hakuniahidi hivyo. Kabla ya upasuaji alinipima kwa rula na kalamu kifua kizima, akanionyesha kwamba hata mbavu zangu pande mbili haziko sawa, akasema tunatafuta mtu akivaa nguo asione, na wewe mwenyewe ukivua usishtuke. Hapo tumefika, au tunakaribia.

Chuchu ya kushoto ilikufa ganzi kabisa. Kisha siku moja niko jikoni nakuna nazi, kwa kile kimashine cha umeme usinigombe, nikapigwa shoti hapo hapo kwenye chuchu, nikaangusha kifuu. Ni mishipa ya fahamu inaamka. Sasa zanijia ghafla, mara nikiwa kazini mara nikiwa kwenye matatu, na nafurahi kila ikija. Kuna wanawake hisia hazirudi zote, hilo pia mtu alijue mapema.

Kovu. Unakumbuka sikio langu lilivyovimba nilipotogwa tundu la pili? Daktari aliliona sikio hilo kabla hata hajatazama kifua. Ngozi zetu nyeusi zina tabia ya keloidi, yaani kovu kuvimba na kunyanyuka, akanieleza, na hakuna wa kukuahidi kwamba haitatokea. Kushoto amekata chini kwenye mkunjo, kovu limejificha. Kulia amezungusha pembezoni mwa weusi wa chuchu. Kidonda kilipofunga vizuri nikaanza kubandika vile vipande vya silikoni vya kulaza kovu, navaa karibu kutwa, navua nikioga. Likianza kunyanyuka atachoma sindano. Kwa sasa ni jekundu na linawasha, na kovu huchukua mwaka hata na zaidi kupoa.

Watu, Zainabu, watu ndio walionichosha. Tulikubaliana mimi na Salim tuseme ni upasuaji mdogo wa kifua, basi. Sasa mwambie mtu wa Nairobi au wa Mombasa kwamba mwanamke kafanyiwa upasuaji wa kifua uone atafikiri nini. Wakaja na supu, wakaja na uji wa pilipili manga, wakaja na nyuso za matanga. Jirani wa chini akanishika mkono akanisomea dua ya mgonjwa wa kansa, machozi yakimtoka, na mimi nimekaa na shati la Salim sijui nitazame wapi. Nikimwambia si kansa aniambia, ndiyo mwanangu, usiitaje. Nilikaribia kumwonyesha.

Mama mkwe nilimwambia mwenyewe. Alikuja kutoka Malindi na begi moja, akashika jiko, akawa kila jioni anitia kiganja kwenye paji la uso kutazama homa, kwa sababu Salim alimpa zile dalili za hatari tulizoandikiwa: homa, wekundu unaoenea, usaha, au titi moja kuvimba ghafla kuliko jingine. Mtu anakupima homa kila jioni huwezi kumdanganya. Nikamweleza yote. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu ya ule mkoba." Ati tangu harusi ameniona mkoba wangu hauhami bega la kushoto, hata arusini, hata matangani, na alidhani nimefunzwa hivyo kwetu. Hakuongeza neno. Keshoye akaniletea sidiria mbili za pamba za kufunga mbele kutoka Eastleigh, size kamili. Sijui alipima lini.

Ulinitumia swali kama upasuaji huu ni halali au haramu na nimelifikiri, ingawa mimi si shekhe. Nililipeleka kwa ustadhi wa Salim. Akanisimulia habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akajitilia pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume akamruhusu ajitilie ya dhahabu. Akasema kurekebisha kasoro inayomkera mtu si sawa na kugeuza umbo kwa kutafuta kusifiwa. Bima yangu nayo ina fatwa yake: waliandika kwamba ni urembo, wakakataa kulipa hata shilingi. Ustadhi amekuwa mpole kuliko karani.

Haya, Nasra. Wasema ana miaka kumi na sita, ameacha netiboli, anaoga akijifungia, na dadako amemwambia "si kitu, ukizaa yatalingana." Zainabu, mwambie dadako neno hilo alimeze. Mimi nililelewa nalo. Nilikuwa na umri wa Nasra fundi wa Bondeni aliponipima gauni la Idi, akaita kwa sauti mbele ya wateja, "Huyu upande mmoja nipunguze?" Mama akasema si kitu. Nilipomzaa Yusufu akanyonya kulia tu, kushoto akakukataa, na tofauti ikazidi badala ya kupungua. Yote hayo nikiwa na kipande cha sponji ndani ya sidiria, nakishikilia kwa mkoba kisihame. Kwa hivyo ni kitu, na mtoto ajue kwamba watu wazima wamekiona.

Lakini kumwambia ni kitu si kumpeleka kukatwa. Matiti ya wasichana wengi hayalingani, na umri huo moja huweza kutangulia na jingine likafuata. Kwanza aonwe na daktari, ahakikishe hakuna uvimbe ndani, na amtazame msuli wa kifua, kwani wako wanaozaliwa na upande mmoja usio na msuli huo. Huo waitwa ugonjwa wa Poland, na hauhusiani na nchi, ni jina la Mwingereza aliyeueleza mwaka 1841. Kisha wangoje mwili umalize kukua. Marekani wameweka miaka 22 kwa mtu anayetaka kuongeza matiti kwa silikoni, na 18 kwa vile vya maji ya chumvi, na mimi naona wamefanya vyema. Kwa sasa aende kwa wanaouza sidiria za wanawake waliokatwa titi, wana vipande vya kujazia vilivyokatwa vizuri, havihami hata akirusha mpira. Sponji yangu mimi ilitoka kwenye godoro.

Na akifika wakati wa kuamua, ajue si jambo la mara moja. Hivi vitu havidumu milele. Vingine vyapasuka, na kupasuka kwa silikoni waweza usikusikie, ndiyo maana huko Marekani wanashauri upigwe picha za ndani, za MRI au altrasaundi, mwaka wa tano au wa sita, kisha kila miaka miwili au mitatu. Vingine mwili wenyewe unavizungushia kovu la ndani linalokaza mpaka titi likawa gumu na la kuuma, na hapo ni kurudi mezani. Tena hili la kulia litazeeka na kulegea, la kushoto halitalegea sawa nalo. Nimeyasikia haya yote na bado nikatia sahihi. Kunyonyesha wengi huweza, hasa kidonda kikiwa chini kwenye mkunjo. Mimi nimekwisha zaa, kwa Nasra ndilo swali la kwanza.

Aulize pia anatiliwa nini. Nilipokuwa nimelala na mito yangu nilisoma habari hizi mpaka Salim akaficha simu. Mwanamke wa kwanza kutiliwa silikoni ni Timmie Jean Lindsey, huko Houston, Texas, mwaka 1962. Alikwenda kufutiwa chale za wino kifuani, madaktari wakamwomba wamjaribie, naye akakubali kwa sharti wamrekebishe na masikio! Hayo ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni ya Ufaransa, kampuni ya PIP iliyojaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani, ikagundulika mwaka 2010 wanawake maelfu wameshatiliwa. Na mwaka 2019 kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni vipandikizi vyake vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ya saratani moja ya nadra inayoota kwenye kovu lile la ndani. Changu ni cha ngozi laini, na nimepewa kadi yenye jina la mtengenezaji na namba yake. Nimeipiga picha, nimempa Salim, nawe nitakutumia, ikipotea kwangu iko kwako. Nikienda kupimwa matiti ndiyo ya kwanza kuitoa, kwa sababu mpiga picha lazima ajue akisogeze kipandikizi pembeni apate kuona nyama yenyewe.

Yusufu amejifunza kunikumbatia kwa nyuma. Huja mbio kama kawaida yake, akifika anasita, anazunguka, anashika kiuno. Hatukumweleza mengi, tulimwambia kifua cha mama kina nyuzi.

Daktari akiniruhusu nitakuja likizo ya Agosti kwa treni ya mchana. Miritini usinipokee na tuktuk, nakuomba, ile barabara naijua na kifua changu hakijawa tayari nayo. Njoo na kijana wa kubeba mizigo, begi mimi bado siliinui. Na Nasra mlete stesheni, lakini usimwambie kwamba nitazungumza naye. Sema tu mamake mdogo wa Nairobi anakuja na anataka kwenda naye kununua nguo.

Nisalimie wote, mama hasa, na umwambie uji wa pilipili manga nimetosheka nao.

Wako,
Mwanaisha