Nafsi tatu katika shairi lako

Mtambwe, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na mguu wake umepata nafuu. Ama baada ya salamu, shairi lako limefika. Shangazi yako kaja nalo kwenye simu, uso umemsawijika, akanambia, "Wifi, soma mwenyewe, mtoto anasema si yeye tena." Nililisoma nimesimama mlangoni mwa jikoni. Nilipofika mstari wa mwisho nilitaka kukupigia hapo hapo, nikuulize tumekukosea nini. Nashukuru simu yenyewe haikuwa yangu.

Usiku nikalinakili kwenye daftari. Jicho hupita mbio, mkono haupiti. Na hii mistari mitatu ya mwanzo ndiyo iliyonizuia:

Nimeubeba mwili kichwani kama pakacha,
ukapanda boti alfajiri,
anashuka mchana hana mzigo.

Nimesomesha Kiswahili miaka 31, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta kalamu nyekundu. Umeanza na *ni*, ukaingia *u*, ukamaliza na *a*. Mwanafunzi wangu angeandika hivi ningempigia mstari: chagua nafsi moja, ushikamane nayo. Kisha nikaiacha kalamu. Neno letu hili nafsi ndilo tunalolitumia kwa kilicho ndani ya mtu, na ndilo hilo hilo tunaloandika ubaoni: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Wewe umeyafanya maana mbili kuwa moja. Msichana anatoka Mkoani akiwa "mimi" na anateremka bandari ya Malindi, Unguja, akiwa "yeye". Hukuandika popote kwamba amebadilika, silabi moja imekufanyia kazi yote hiyo. Nilikaa na mistari hiyo mpaka adhana ya alfajiri.

Sitakuficha kwamba nilipokuwa skuli tulifundishwa kuwa shairi lisilo na vina wala mizani si shairi, ni maneno yaliyokatwa katwa. Mwalimu wetu mmoja alilitupa daftari langu kwa kosa la mizani moja. Ilikuwa miaka ile ya mabishano makali ya wanamapokeo walioshika vina na mizani na wanausasa walioviacha, mshairi Kezilahabi ameshatoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 na watu wanaulizana kama ule ni ushairi au la. Mimi nilikuwa upande wa vina, na hadi leo tarbia, beti za mistari minne minne, iliyopangika ya nane kwa nane huniliwaza kuliko kitu chochote. Lakini hili lako lingetiwa kwenye vina lingekufa. Mtu anayebadilika hana kituo cha kurejea kila baada ya mizani nane.

Sasa pakacha. Shangazi yako alipolifikia neno hilo aliona dharau, kwamba mwili aliokulea mama unaufananisha na kitu cha makuti kinachotupwa baada ya safari moja. Mimi nikashuka hadi pale uliposema *pakacha limevuja njia nzima*, nikaisikia methali ya wazee wetu imejificha humo: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Basi nikajiuliza kilichovuja ni nini. Nadhani ni yale uliyotwikwa: mtoto wa fulani, mwari wa nyumba fulani, usicheke hivi, usipite pale. Mengine nilikutwika mimi, kwa mikono yangu. Nimelisoma hilo na nimelikubali.

Ila kuna mstari mmoja sikubaliani nao, na nakwambia kama msomaji, si kama mama. Umeandika: *Mwili ni nguo tu, roho ndiye mwenyewe.* Hapo umekwenda haraka. Roho, mwanangu, tumeambiwa katika Qur'ani kuwa ni katika mambo ya Mola wetu, na hatukupewa elimu juu yake ila kidogo. Inayogeuka ni nafsi. Iko nafsi iamrishayo maovu, iko ijilaumuyo, iko iliyotua. Mtu mmoja anaweza kuzipitia zote tatu. Basi uliyemshuhudia akibadilika baharini ni nafsi yako, wala roho hukuiona. Na mwili nao si nguo.

Kumbuka ulipokuja msimu uliopita. Ulikaa ukumbini siku mbili kama mgeni, unaomba ruhusa hata ya kuchota maji. Siku ya tatu jioni zikaletwa karafuu kutoka shamba, tukakaa chini kuchambua. Hukuuliza kitu. Ulitwaa shada kwa mkono wa kulia, ukalikandamiza kwenye kiganja cha kushoto, ukalizungusha mara moja, karafuu zikamwagika huku na makonyo yakabaki kule. Kidole gumba chako kilikuwa kimepinda nje kidogo, vile vile anavyokipinda bibi yako. Hukuwahi kufundishwa hilo na mtu, ulikaa tu pajani kwake ungali mdogo. Nafsi yako ilikuwa mbali, mkono ulikuwa umeshafika nyumbani. Nguo gani hiyo yenye kumbukumbu?

Na karafuu zenyewe ungeziweka kwenye shairi, maana ndizo zinazolijua jambo hili. Tunaichuma ingali tumba, kabla haijafumbua, imeanza kupiga wekundu. Ikianikwa juani kwenye jamvi inakuwa ya kahawia, ngumu, na harufu ndiyo inazidi. Ikisahauliwa mtini inafumbua ua, kisha inakuwa mpeta, tunda nene la zambarau. Mpeta haufai sokoni kama karafuu, lakini ndio unaopandwa ukatoa mche. Kitu kimoja, majina mawili, na jina linategemea nani aliwahi kukifikia na lini. Hata mkarafuu asili yake si hapa, umetoka visiwa vya Maluku, na leo ukimwambia mtu wa Mtambwe kuwa ni mti wa kigeni atakushangaa.

Nakuomba usiufute mstari wa nguo kwa sababu yangu. Uandike upya tu, ukishatazama mikono yako.

Bado liko moja sijalifungua. Ule mstari wa pili, *ukapanda boti alfajiri*. Mwili ni *u*, na wewe ni *u*, kwa hivyo aliyepanda anaweza kuwa mwili uliobebwa, anaweza kuwa wewe unajisemesha mwenyewe. Nimezipima zote mbili na zote zinakaa. Lakini alfajiri ile tulipanda wawili. Nilikusindikiza hadi Malindi na nikarudi kwa boti ya pili, kanga yangu imerowa mawimbi. Huyo uliyemwambia "wewe" ni nani? Usinijibu kwa simu, niandikie.

Mimi mama yako