Kubaki Makambako si adhabu ya kufeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Katika miji yetu midogo tumewafundisha watoto kwamba mtihani wa Novemba ni nauli ya kuondokea. Aliyefaulu anaondoka, aliyefeli anabaki. Mji wenyewe tumeugeuza adhabu, na sisi tunaoishi humu tumekubali kuhesabiwa miongoni mwa walioshindwa.

Ninaishi Makambako, mkoani Njombe. Nauza pembejeo za kilimo na ni mjumbe wa bodi ya sekondari moja ya kata. Nimekaa kwenye vikao ambako mwalimu, tena mwalimu mzuri anayejituma, anawaambia kidato cha nne mbele ya wazazi wao: "Msiposoma mtabaki hapahapa kubeba lumbesa." Wazazi wanapiga makofi. Wengi wao sare na hela ya tuisheni wamezipata kwenye hizohizo lumbesa za viazi. Hakuna anayenyanyua mkono kuuliza mtoto anajisikiaje kazi iliyomlisha inapotajwa kuwa laana.

Hapa si mahali pa kuonewa huruma. Barabara ya Songea inaungana na ile kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma papa hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake mjini. Viazi, mahindi, mbao, nguzo za umeme na siku hizi parachichi, vyote vinapita kwetu. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanasimama usiku na mchana. Mji wa namna hii unahitaji vijana wenye akili na ujuzi, tena wengi.

Kuna kijana mmoja, jina lake naliacha. Alifanya mtihani 2012, mwaka ule ambao matokeo yalipotangazwa, Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na sifuri, mpaka serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Hata yalipopangwa upya, yeye hakupata cha kumpeleka mbele. Leo ni fundi umeme wa malori. Nimemtazama akiwa kazini: amelala chali chini ya tela, testa mkononi, anafuata waya mmojammoja kuanzia kwenye plagi ya nyuma ya kichwa cha lori mpaka kwenye taa za breki, anaukwangua kwa ukucha kutafuta palipoliwa. Hana karatasi wala mchoro, ramani yote iko kichwani. Madereva humpigia simu wakiwa bado Igawa, wakimwomba asifunge. Ameajiri vijana wawili na ameanza kujenga.

Lakini muulize mama yake habari za watoto. Atakueleza kwa kirefu juu ya yule wa Dodoma, aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Huyu fundi, anayelipa umeme wa nyumba na kumnunulia mama dawa za presha, atamtaja kwa maneno mawili tu: "Huyo yupo." Simlaumu mama. Sisi wote tunaongea hivyo.

Sitetei kufeli. Mtoto asome, afaulu, aende kidato cha tano popote atakapopangiwa na afike chuo kikuu. Hospitali zetu zinahitaji madaktari, na shule zetu zinalilia walimu wa Hisabati, somo ambalo watahiniwa wengi wa kidato cha nne wanaanguka mwaka hadi mwaka. Ila hapo ndipo maneno yetu yanapotugeuka. Mtoto aliyeaminishwa kwa miaka minne kwamba kubaki ni aibu, akishakuwa daktari atarudije? Akirudi, jirani wa kwanza kukutana naye atamuuliza kama amefukuzwa kazi. Hata mtumishi anayepangiwa huku kutoka kwingine anaanza kufuatilia uhamisho kabla hajafungua begi lake. Naye pengine amelelewa katika mji mdogo kama huu, akaambiwa yaleyale.

Na anayebaki kwa aibu habaki mzima. Anafungua duka lakini haliboreshi, kwa sababu moyoni anajiona yuko njiani. Haji kwenye mkutano wa mtaa kudai mfereji uzibuliwe. Hagombei hata ujumbe wa serikali ya mtaa. Mji unakosa wenyewe huku watu wamejaa.

Mwaka 2024 mtaala mpya ulianza, na baadhi ya shule zikaanza kupokea kidato cha kwanza wa mkondo wa amali, wanaosoma fani pamoja na masomo mengine. Hao watafika kidato cha nne 2027. Nimeupokea mpango huo kwa moyo wote. Lakini tayari nasikia wazazi wakisema, "Wa kwangu ana akili, asipelekwe amali." Karakana zinaweza kujengwa na vifaa vikanunuliwa, lakini mwalimu akiendelea kuitaja kazi ya mikono kwa ajili ya kutisha wavivu, watoto wa amali wataingia karakana wakiwa wameshajiona wamefeli.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na lilifanya vyema. Nanyi waandishi mnaweza kusaidia. Matokeo yajayo yakitoka, mtumeni mwandishi kwenye gereji, viwanda vya mbao na masoko ya miji kama Makambako, Mafinga na Tunduma, awatafute waliomaliza miaka kumi au kumi na tano iliyopita, aandike wanafanya nini na wanafanyaje. Si habari za kusikitisha, ni habari za uchumi.

Kwa wakuu wa shule nina ombi jepesi zaidi. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani, na mgeni rasmi karibu kila mara ni mtu aliyeondoka. Tunawashukuru wageni hao kwa saruji na madawati yao. Lakini mwaka huu mwiteni aliyesoma shule hiyo na akabaki: mwenye mashine ya mbao, mama mwenye kitalu cha miche ya parachichi, fundi wa malori. Akae meza kuu, asomewe risala, kisha watoto wamuulize mtaji aliupata wapi, hasara ya kwanza ilikuwa ipi na aliinukaje. Pendekezo hili nimeshalipeleka kwenye bodi yetu, na kikao kijacho nitalirudisha.

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule,
Makambako, Njombe