Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyevaa sare nyeupe

Mpwa wangu,

Picha yako mama yako ameizungusha mtaa mzima wa Mwanga hapa Kigoma, na mimi mjomba wako nimeipokea kwa machozi. Ila uliponiambia kwamba wenzako kwenye chuo cha wanamaji wanakucheka, kwamba mtu wa Kigoma anajua mtumbwi wa dagaa tu, manowari atazijulia wapi, nililala vibaya. Nakuandikia hadharani ili na wao wasome.

Waambie Kigoma ilikuwa na kamanda wa kikosi cha meli tangu 1914. Aliitwa Gustav Zimmer, Mjerumani. Sikwambii umpende, alikuja kutawala babu zetu. Lakini kazi yake ichunguze.

Alikuwa nahodha wa Möwe, meli ya upimaji wa bahari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Agosti 1914, Wajerumani wenyewe waliizamisha pale Dar es Salaam. Nahodha asiye na meli akapanda treni na mabaharia wake, akaja huku ambako reli ilikuwa imefika miezi michache tu kabla. Akakabidhiwa Ziwa Tanganyika zima. Alikuwa na Hedwig von Wissmann na Kingani, na meli kubwa ya tatu ilikuwa bado inaungwa ufukweni: Goetzen, iliyoletwa vipande vipande ndani ya masanduku yapata 5,000 kutoka Papenburg. Vibarua wetu waligonga ribiti zake. Februari 1915 ikashushwa majini.

Kwa miezi mingi hakuna aliyemgusa. Kilichomwangusha Zimmer, kwa maoni yangu, ni kukosa habari. Ng'ambo, upande wa Kongo, kule Lukuga ambako leo ni Kalemie, Geoffrey Spicer-Simson wa Uingereza alikuwa ameshafikisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizoburutwa milimani kwa matrekta ya mvuke na maksai. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ikatekwa. Zimmer hakujua imekuwaje. Akaituma Hedwig ikapeleleze, na tarehe 9 Februari 1916 nayo ikazamishwa. Meli ya pili, mpwa wangu, ikapotelea njia ile ile! Hapo mimi simsamehei. Ya kwanza isiporudi, huwezi kutuma ya pili gizani.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanakaribia, na mzinga mkubwa wa Goetzen, uliotoka kwenye manowari Königsberg, ulikuwa umeshang'olewa kwenda kupigana nchi kavu. Meli ikatakiwa izamishwe. Mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg wakapaka injini grisi nzito kila mahali, ndipo tarehe 26 Julai wakaitosa taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mabaharia wakaingia vitani kwa miguu kama askari wa kawaida.

Waingereza waliiibua mwaka 1924. Grisi ilikuwa imeilinda. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na ndiyo iliyombeba bibi yako kwenda Kasanga na magunia yake, ikisimama katikati ya maji huku mitumbwi ya vijijini ikiikimbilia kushusha na kupakia watu.

Likizo ukija, ukishuka stesheni usichukue bodaboda. Nitakusubiri pale pale, twende bandarini kwa miguu, njia yalikopitia yale masanduku.

Mjomba wako